Mashini Haikuniuliza Herufi

"Weka kidevu hapa, Mama Nabintu," akasema Bahizire,
"paji la uso liguse huu mkanda. Tulia. Usiseme kitu."
Usiseme! Kwa mara ya kwanza katika nyumba ya macho
mtu ananiomba ninyamaze.

Maana miaka sita iliyopita, kwa daktari mwingine,
ukutani palikuwa na karatasi, na mkononi mwake fimbo.
"Hii?" Sioni. "Na hii?" Sioni, dokta.
"Hata hii kubwa ya juu?"
Hata hiyo.
Nilikuwa naiona. Naapa niliiona,
nyeusi kama kunguru juu ya shuka,
miguu miwili imetanuka, mshipi kiunoni.
Jina lake tu ndilo sikulijua.
Kati ya "sioni" na "sijui" nikachagua lisilo na aibu,
naye akaiandika aibu yangu kwa kalamu,
akaipeleka ikachongwe vioo.

Vioo vinene kama tako la chupa!
Nikivivaa, ngazi za Kadutu zinanikimbia mguuni,
punje za maharagi zinakuwa ndogo kama chawa, tena za ukungu.
Nikavitundika kwenye msumari.
Wakasema: mama huyu hana shukrani.
Nikaendelea kuchambua kwa vidole,
mpaka jioni ile mjukuu wangu Ansima alipotafuna jiwe,
akatema jino mkononi mwangu, akaniangalia.

Ndani ya tundu la mashini kuna barabara,
imenyooka, haina shimo hata moja
(ndipo nikajua si ya Bukavu),
na mwisho wake nyumba ndogo, paa jekundu.
Ikafifia, kama mtu kaipulizia pumzi.
Ikarudi. Ikafifia. Ikarudi karibu zaidi.
Mashini inanong'ona peke yake, zii, zii,
haiulizi nyumba hiyo inaitwaje,
haiulizi nilisoma darasa la ngapi.

"La kuume limeisha," akasema,
na umeme ukaenda.
Ruzizi iko hapo chini, inanguruma usiku na mchana,
na umeme wake hutupitia kama jamaa tajiri,
kioo cha gari kimepandishwa.
Tukakaa gizani, jicho moja limepimwa, moja bado,
kijana wake akitafuta mafuta ya jenereta.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nauza kwa kopo.
Najua kopo lililobonyezwa kitako,
najua kidole gumba kinachokaa ndani wakati wa kujaza.
Changu nacho kimewahi kukaa humo, mwaka wa njaa.
Kwa hiyo nikamuuliza: "Hii mashini yako, ina kidole?"
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
"Inacho, mama. Jicho likijikaza, inazidisha.
Ndiyo maana karatasi yake si hukumu.
Ikimaliza, nitakuuliza wewe."

Jenereta ikakohoa. Jicho la kushoto, barabara, paa jekundu.
Karatasi ikatoka, nyembamba kama ulimi wa mjusi,
nikamnyang'anya kabla hajaisoma,
maana tarakimu ni watu wangu:
nusu huku, robo kule.
"Ni kidogo hivi?"
"Kidogo hivi. Kwa mbali huna ugonjwa.
Kwa karibu ni miaka tu."
Miaka sita nimebeba ugonjwa wa karatasi ya ukutani.

Akataka kunipa kadi ya maandishi madogo,
nikafungua fundo la kitenge,
nikamwaga ngumi ya maharagi juu ya meza yake.
"Nipimie hapa."
Akabadilisha vioo. "Hiki, au hiki?"
Hicho cha kwanza.
"Hiki, au hiki?"
Ngoja. Rudisha.
Hicho.

Lilikuwa katikati yao, la kijivu,
limejipinda vizuri kama punje, hata kitovu linacho,
limejifanya ndugu.
Nikalichomoa kwa kucha,
nikaliweka juu ya mashini.
Matabishi yake.